Nilivyoifuta kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe

Jamani mimi nilichoka. Kila nikifungua imeili ni hongera umeshinda, hongera umechaguliwa, mara kuna marehemu kaacha mamilioni na katika watu wote duniani mrithi nimeonekana mimi. Tangazo la kwanza la namna hii lilitumwa Marekani mwaka 1978, kwa watu kama 400 hivi wa mtandao wa ARPANET, yaani babu wa intaneti ya leo, la kuuza kompyuta, na watu waling'aka kwelikweli. Sasa mimi hizo 400 nazipokea peke yangu na sina wa kumng'akia.

Basi usiku mmoja nikaingia kwenye setingi nikatengeneza filta. Imeili yenye neno "hongera", ifutwe. Yenye "umechaguliwa", ifutwe. "Bonyeza hapa", ifutwe. Palikuwa na chaguo la kuzipeleka kwenye spamu tu, yaani pembeni kule zinakotupwa imeili taka, nikasema aka, nani ataenda kupekua jalala? Futa! Asubuhi inboksi nyeupe pee, nikajiona injinia.

Tatizo wiki hiyohiyo nilikuwa nimetoka kwenye usaili wa kazi. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, nikaanza kuwasema kwa kila aliyekuwa na masikio, watu gani hawa, si waniambie tu nimekosa nijue moja, nikafika hadi kuapa kwamba nafasi kapewa shemeji wa bosi. Siku ya 17 simu ikaita, sauti ya dada mpole kabisa: "Samahani kaka, tumekuandikia mara tatu hujibu. Kazi bado unaitaka?"

Nikakimbilia kwenye takataka, na bahati yangu vitu hukaa mle siku 30 kabla ya kupotea moja kwa moja. Nikazikuta zote tatu zimejipanga. "Hongera!" Halafu "Kumbusho: umechaguliwa". Ya tatu ndiyo iliyonimaliza: "Hongera, umechaguliwa, bonyeza hapa kuthibitisha". Hiyo kama kungekuwa na kufutwa mara tatu ingefutwa mara tatu.

Rafiki yangu mmoja wa mambo ya kompyuta alicheka mpaka akakaa chini. Eti filta zenye akili hazihukumu kwa neno moja, zinapima maneno yote kwa pamoja, zinaangalia na mtumaji ni nani, na bado zinakosea, ndiyo maana zinaweka pembeni ukachungulie. "Wewe umeweka mlinzi getini ukamwambia ampige rungu yeyote atakayetabasamu."

Filta nikaitoa. Na kwa kile kiwewe nikawaandikia palepale kuomba radhi, kichwa cha habari HARAKA SANA!!! MUHIMU!!! herufi kubwa tupu, viambatisho vitatu na linki mbili chini yake. Siku mbili kimya. Nikapiga mwenyewe. Dada akasema subiri kidogo kaka, nikamsikia anabofyabofya, akaguna.

"Ahaa, nimeiona. Imeangukia kwenye spamu."