Adabu yangu ya nyumbani karibu inifelishe huku Ujerumani

Mimi huku ni mwaka wa nne sasa, nilikuja kusomea uuguzi, ile wanaita Ausbildung, miaka 3 unasoma huku unafanya kazi na kaposho kako unalipwa kila mwezi. Watu wa nyumbani wakinipigia swali ni lilelile, eti Kijerumani kigumu eeh? Kigumu ndio, ila lugha taratibu inaingia. Kilichonitoa jasho mimi ni adabu yangu.

Nimesoma Tanga, na kama umesoma shule zetu za kata unajua mambo ya fomu wani, umetoka darasa la saba kila kitu Kiswahili afu ghafla baiolojia yote kwa Kiingereza. Ticha anauliza mmeelewa, darasa zima ndiyooo, na hapo hajaelewa mtu. Nani anyooshe mkono, ukikosea neno moja wanakucheka wiki nzima. Ukija kuajiriwa mchezo ni uleule, anayeuliza sana kikaoni ni mjuaji, ana kimbelembele, na bosi anamwekea kinyongo. Kwa hiyo tunakua watu wazima kabisa tumebeba ile ndiyooo.

Sasa mimi nikaibeba mpaka huku kwenye nyumba ya wazee. Mwezi wa pili tu, zamu ya asubuhi, kwenye makabidhiano wanaongea haraka kama wanafukuzwa, dada mmoja akaniambia mzee wa chumba fulani chai yake lazima nifanye hivi, akataja neno sijawahi kulisikia. Nikaitikia kwa kichwa, ja ja, yani ndiyo ndiyo. Nikapeleka chai kama chai. Kumbe yule mzee alipata kiharusi na kumeza ni shida, kinywaji chake kinakorogwa na unga maalum kiwe kizito kama uji, maana kikiwa chepesi kinapita njia ya hewa, na kikifika mapafuni kinaweza kuleta nimonia. Mzee akapaliwa pale mbele yangu, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Alitulia, Mungu mkubwa, ila miguu yangu ilitetemeka hadi jioni.

Nikajua kazi imeisha. Mama anayetusimamia wanafunzi akaniita, akaniuliza swali moja, ulielewa ulichoambiwa? Nikasema hapana. Kwa nini hukusema? Hapo sikuwa na jibu, ningemwambiaje kwamba kwetu kunyamaza ndo heshima. Akaniambia bila kupepesa macho kwamba nimekosea na kosa lenyewe si neno, neno ningeulizia, kosa ni kuitikia. Sikulala siku ile. Lakini kesho yake yuleyule ananiita tunywe kahawa, anacheka, kwake yameisha. Yani hili lilinishangaza kuliko lote, kwa sababu sehemu niliyofanya kazi nyumbani bosi hakuambii kitu usoni, anakununia tu, habari zako unazisikia kwa dereva, na miezi sita baadaye ndo unajua kwa nini jina lako halikuwepo kwenye semina.

Na wenzetu haya hawaachii bahati nasibu. Kwenye mtaala wao mpya, ule ulioanza 2020, una masaa 2,100 ya darasani na 2,500 ya kazini, na mawasiliano ni eneo zima la kusomea, tunaigiza kabisa darasani, mmoja ndugu wa mgonjwa amekasirika, mwingine muuguzi. Mtihani wa mwisho wa vitendo ukishamaliza kumhudumia mgonjwa unakaa na watahini unajieleza mwenyewe nini umefanya vizuri na wapi umeharibu. Ukisema yote safi unajiharibia. Linganisha na intavyuu zetu, mtu anaulizwa udhaifu wake anajibu eti napenda kazi kupita kiasi. Tunalipia makongamano ya uongozi hotelini, tunapiga picha na cheti, na bado hakuna anayeweza kumwambia bosi hesabu yako hapa imekosea.

Ila msidhani nimekuja kuwasifia wazungu tu. Kuna bibi mmoja pale alikuwa hataki kuogeshwa, anapiga watu makofi, wenzangu wanaingia moja kwa moja na beseni, habari ya asubuhi, haya tuoge. Mimi nikaingia nikakaa. Nikamuuliza amelalaje, mguu vipi, mjukuu kaja lini, zile salamu zetu ndeefu ambazo watu wa maofisini siku hizi wanaona zinapoteza muda. Dakika tano hivi, bibi mwenyewe akanyoosha mkono nimuinue. Wenzangu wananiuliza ulisoma wapi hiyo mbinu, nawajibu Muheza, kwa bibi yangu, ada yake ilikuwa kuteka maji. Kwenye sivii sikuwahi kuandika kitu kama hicho, wala sijui ningekiandikaje.

Kitu kimoja mpaka leo kinanishinda, kumuita meneja wa wodi kwa jina lake la kwanza, mama wa miaka karibu 60! Wote wanamuita. Mwanzoni nilikuwa naenda hadi nisimame mbele yake aniangalie ndo nianze kuongea, ilimradi nisimtaje.

Juzi binamu yangu yuko Dar kanitafuta, anataka kuja, anauliza aongeze cheti gani. Nikamtumia voisi ya dakika saba, nikamweleza yote haya, kwamba Kijerumani asome kweli, ila aanze na hukohuko kazini kwake, aulize asichoelewa hata kama watamuita mjuaji. Hazijapita sekunde kumi akajibu, nimeelewa dada, ahsante sana.

Nikamuuliza umeelewa nini. Mpaka saa hizi tiki mbili za bluu tu.