Lita 8.2 kwa farasi 190: Cadillac ya zamani na mizani isiyo yake

Mjadala wa magari ya kale ya Kimarekani ukipamba moto, haukosi mtu wa kuitaja Cadillac Eldorado ya 1976: injini ya silinda nane, lita 8.2, nguvu za farasi 190. Lita nane na ushei kwa farasi 190! Watu hucheka, kisha hukumu hutolewa kwamba Wamarekani walijaza chuma tu chini ya boneti.

Tarakimu hizo ni za kweli, ila zinaficha mengi. Injini hiyo ilipotoka mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na farasi 400. Mwaka 1971 ikashuka hadi 365, kwa kuwa General Motors, kampuni mama ya Cadillac, ilipunguza kompresheni ya injini zake (kiasi cha kubana hewa na mafuta ndani ya silinda) ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Mwaka 1972 ikaandikwa 235. Farasi 130 walipotelea wapi ndani ya mwaka mmoja? Wengi wao hawakupotea, maana barabarani hawakuwahi kuwapo. Hadi wakati huo viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa juu ya stendi, haina chujio la hewa, haina alteneta wala feni, ekzosi ikipumua itakavyo. Mfumo mpya ukataka ipimwe ikiwa na vifaa vyake vyote, kama inavyokaa ndani ya gari. Kwa hiyo anayeweka 400 kando ya 190 anachanganya vipimo viwili. Kuteremka kutoka 235 hadi 190 ndiko kwa kweli, na hapo lawama ni halali: teknolojia ya kupunguza moshi ilikuwa bado changa, injini ikabanwa pumzi.

Tena, idadi ya farasi sicho kitu walichokitafuta wahandisi hawa. Cadillac ya silinda 16 iliyotoka mwaka 1930 ilikuwa na lita 7.4, na nguvu zake hazikufika farasi 200. Matajiri waliinunua kwa utulivu wake. Eldorado ya 1970 ilifuata njia hiyohiyo: nguvu ya kuzungusha shafti ilifika futi-pauni 550, na kilele chake kilikuwa kwenye mizunguko 3,000 tu kwa dakika. Gari la zaidi ya tani mbili linaondoka kwa kuguswa mafuta kidogo, injini haingurumi, giaboksi haihangaiki kurudi gia ya chini. Aliyeketi nyuma hatambui kwamba kuna kazi inafanyika mbele. Mnunuzi alilipia hilo, na alilipata.

Waliotaka mbio nao walikuwapo. Duesenberg SJ ya 1932 ilifungwa supachaja, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, na kutangazwa kwa farasi 320, enzi ambazo gari la kawaida halikufika hata 100. Chrysler C-300 ya 1955, yenye kabureta mbili na farasi 300, ilimpa Tim Flock ubingwa wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, mwaka huohuo, na viti vyake vya ngozi! Nazihusudu zote mbili, lakini zilikuwa za wachache. C-300 zilitengenezwa 1,725 tu. Kuipima Eldorado kwa kigezo chao ni kumlaumu nahodha wa jahazi kwa kushindwa mashindano ya ngalawa.

Upande wa pili una hoja, tena nzito. Breki za C-300 zilikuwa za dramu magurudumu yote manne, mzigo mkubwa kwa gari la kasi ile. Kwenye kona hizi Cadillac nzito ziliyumba. Na mafuta zilibugia kweli. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao kwenda Marekani Oktoba 1973, madereva wakapanga foleni vituoni, na injini ya lita 8.2 ikawa vigumu kuitetea mbele ya yeyote anayelipa mwenyewe kwenye pampu. Sina jibu la hoja hiyo, wala sioni kama Cadillac ilikuwa nalo.

Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1982 Cadillac ilileta injini ya lita 4.1 yenye farasi 125, ikaifunga hata kwenye magari yake makubwa. Mafuta yaliokolewa. Lakini dereva alilazimika kukanyaga hadi chini ili kulipita lori, na injini hiyo ikajipatia sifa mbaya kwa kuharibika mapema. Yule mnunuzi wa utulivu sasa aliisikia injini yake ikihema kila kilima.