Nakuru si Mombasa: kabla ya vodka, hesabu hewa

Wanariadha kutoka pembe zote za dunia hupanda hadi Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kufuata hewa nyepesi. Mwili ukishazoea kuhangaikia oksijeni kule juu, wakishuka mbio huwa rahisi. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi hapa Kenya analijua. Ajabu ni kwamba sisi tunaofuga samaki na matumbawe ya baharini huku Bonde la Ufa hatujiulizi kama hewa hiyo hiyo inawahusu samaki wetu.

Inawahusu sana, hasa sasa ambapo kila mwenye tangi la matumbawe anataka kushusha naitreti, taka inayotokana na chakula cha samaki, kwa kumwaga vodka, siki au sukari majini. Vipimo tunavyofuata viliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nakuru mjini tuko mita 1,850 hivi. Shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na maji hushika oksijeni kwa kadiri ya shinikizo hilo. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 yakiwa Nyali, Mombasa, hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yalete Milimani ya Nakuru, chumvi ile ile, joto lile lile, na hayafiki miligramu 5.5. Hata uweke pampu ya hewa kubwa namna gani, kazi yake ni kukufikisha kwenye kikomo hicho upesi. Kukivuka haiwezi.

Mimi siupingi mtindo wenyewe. Unafanya kazi, na sababu yake inaeleweka. Chakula unachowarushia samaki huishia kuwa amonia, bakteria huigeuza naitraiti, wengine huigeuza naitreti, na hapo mambo hukwama. Naitreti haiui samaki haraka, lakini ikirundikana mwani hufunika mawe na matumbawe hupoteza rangi, yakabaki ya kahawia. Majini humo humo kuna bakteria wengine ambao wangeitumia hiyo naitreti kujijengea miili, ila wanakosa kaboni. Ukiwapa kaboni kupitia pombe au siki, wanazaliana kwa fujo, wanameza naitreti pamoja na fosfeti kidogo, kisha skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, inawatoa pamoja na povu hilo. Unachomwaga chooni kutoka kwenye kikombe cha skima, yale maji ya kahawia yanayonuka, ndiyo naitreti yako ikiondoka.

Najua pia kwa nini njia hii inapendwa. Chukua tangi la lita 380. Ukibadilisha asilimia 20 ya maji unahitaji lita 76 za maji mapya, na kwa gramu 35 za chumvi kwa lita hiyo ni zaidi ya kilo mbili na nusu za chumvi iliyotoka ng'ambo, yote ili naitreti ishuke kutoka miligramu 50 kwa lita hadi 40. Na kwetu hata maji matamu ya kuchanganyia si ya bure. Visima vya Nakuru vina floraidi nyingi, waulize wenye meno ya kahawia, kwa hiyo ni lazima yapite kwenye mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, unaotupa sehemu kubwa ya maji ukiendelea kuchuja. (Na tafadhali, anayeuliza kwa nini nisichote Ziwa Nakuru kwa kuwa lina chumvi: chumvi ile ni magadi. Maji yale yana pH ya 10 hivi, ya bahari ni 8.2 kwenda chini kidogo. Flamingo wanayapenda, klaunfishi hatamaliza nusu saa.) Chupa ya siki ya dukani mbele ya gharama hizo inaonekana kama zawadi.

Sasa tufanye hesabu ambayo maelekezo yale hayafanyi. Kipimo kinachozunguka sana ni kuanza na nusu mililita ya vodka kila siku kwa lita 380, kwa siku tatu, kupanda hadi mililita moja mpaka wiki iishe, kisha kuongeza nusu mililita kila wiki. Mililita moja ya vodka ya asilimia 40 ina gramu 0.32 hivi za pombe halisi. Bakteria wakiichoma yote, watatumia karibu gramu 0.66 za oksijeni. Je, tangi lina oksijeni kiasi gani? Mombasa, lita 380 zilizojaa oksijeni kabisa zina kama gramu 2.6. Nakuru zina gramu 2 na vijisehemu. Kwa hiyo kipimo kile kile kinachodai robo ya akiba ya mtu wa pwani kinadai theluthi ya akiba yetu. Ukifika wiki ya 5, ukimwaga mililita 3, deni linalingana na oksijeni yote iliyomo.

Bila shaka hawaichomi yote. Sehemu wanajengea miili, na ndiyo maana naitreti inashuka. Uso wa maji nao unaendelea kuvuta hewa mpya muda wote. Tangi lenye mzunguko mzuri litalilipa deni hilo polepole bila mtu kujua kulikuwa na deni. Lakini lipe tangi hilo hilo usiku wa manane, taa zimezimwa, mwani na matumbawe yameacha kutengeneza oksijeni na yenyewe yanaivuta, samaki wamejaa, kisha mwenye tangi akumbuke kumwaga dozi yake kabla ya kulala. Asubuhi maji yamefifia kama yametiwa maziwa na samaki wako juu wanatweta. Watu husema ni sumu ya vodka. Si sumu. Ni kukosa pumzi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba huku juu vodka haina nafasi, tutumie siki. Wengi huniambia ni kitu kimoja, kwa kuwa mililita 8 za siki ya asilimia 5 zina kaboni sawa na mililita moja ya vodka. Kaboni ni sawa, deni la oksijeni si sawa. Siki ni pombe ambayo tayari imekwisha kuchomwa kidogo: kwa kaboni ile ile inadai theluthi mbili tu ya oksijeni inayodaiwa na vodka. Yale madeni ya gramu 2 kwa mililita 3 za vodka yanakuwa gramu 1.3 kwa mililita 24 za siki. Kwa mtu wa Nyali tofauti hiyo ni ya kujadili kwenye chai. Kwetu ni zaidi ya punguzo lote tunalohitaji kufidia mlima. Siki inashusha pH kidogo mara inapoingia, kwa hiyo iingie kwa matone, asubuhi taa zikishawaka, ikigawanywa hadi adhuhuri. Iwe nyeupe, isiyo na rangi wala viungo, na usome kibandiko, kwa kuwa si kila chupa iliyo rafuni ni ya asilimia 5.

Sukari? Kwa hesabu ya oksijeni inalingana na siki, na ipo kila jikoni. Bado siitaki. Utafiti wa matumbawe umeshaonyesha kwamba sukari ikizidi majini, vijidudu vinavyoishi juu ya tumbawe lenyewe hushamiri hadi vikaliua. Mtu aweke sukari kwenye chai yake.

Kuna mtego mwingine ambao nauona ukiwanasa watu makini zaidi, wale wenye vipimo vya matone na daftari. Bakteria hawajengi mwili kwa naitreti pekee. Wanahitaji fosfeti, ijapokuwa kidogo. Alfred Redfield alionyesha tangu 1934 kwamba viumbe vidogo vya baharini hubeba naitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribiana, na uwiano unaotajwa kwa jina lake ni atomi 16 za naitrojeni kwa moja ya fosforasi, na 106 za kaboni. Mtu ameweka dawa ya kufyonza fosfeti, imeshuka hadi sifuri, naitreti yake imekwama kwenye 30. Anaamua siki haitoshi. Anaongeza. Haishuki. Anaongeza tena. Kaboni yote hiyo haijengi chochote, inachomwa tu, na inachomwa kwa oksijeni. Naitreti ikikataa kushuka, swali la kwanza liwe fosfeti ipo au haipo, chupa ibaki kabatini mpaka jibu lipatikane.

Halafu kuna stima. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani usiku, na kwingine giza lilikaa hadi kesho yake. Hayo ni makubwa. Madogo ya saa mbili tatu tunayajua bila kutaja tarehe. Stima ikipotea, pampu inasimama, skima inasimama, uso wa maji unatulia tuli, na bakteria uliowanenepesha kwa mwezi mzima wanaendelea kuvuta oksijeni kama kawaida yao. Tangi lisilowekewa kaboni lina muda wa kusubiri. Lililowekewa lina muda mfupi zaidi. Msimamo wangu ni mkali hapa na sioni haya kuusema: asiye na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe stima ikipotea asianze kabisa. Bei yake ni ndogo kuliko samaki mmoja wa maana.

Wafugaji wa ngege upande wa Kisumu wanatuzidi akili katika hili. Wanaofuga kwenye matangi kwa mtindo wa bioflok huweka molasi, ile ya viwanda vya miwa, kwa nia inayofanana na yetu: kuwalisha bakteria kaboni ili wameze amonia. Lakini mashine zao za kupuliza hewa hazipumziki usiku wala mchana, na mfugaji asiye na jenereta hapewi nafasi ya kueleza. Wanaishi jirani na ziwa lililowaonyesha mwishoni mwa 2022, vizimba vilipopoteza samaki kwa wingi kwa maji yaliyokosa oksijeni, kwamba samaki hasubiri fundi.

Isitoshe, wengi wetu tunatibu ugonjwa usiokuwepo. Naitreti ya 10 si janga. Matumbawe laini, yale tuliyo nayo wengi, hustawi hapo na hata juu yake, na tangi lililokamuliwa hadi sifuri huwa na matumbawe yaliyopauka na utando wa kahawia unaoteleza ambao hakuna siki itakayouondoa. Kabla ya chupa ningepunguza chakula, ile mikono miwili mitatu ya kuwafurahisha wageni, na ningetenga pembe ya tangi la chini, lile la kuchujia maji, kwa mwani wa Chaetomorpha chini ya taa inayowaka usiku. Mwani unakula naitreti ile ile, na saa zile ambazo tangi linahitaji oksijeni kuliko zote, wenyewe unaitengeneza.

Anayeishi Kisumu, mita 1,131, ana asilimia 87 hivi ya shinikizo la pwani, kwa hiyo akitumia siki asubuhi hana sababu ya kuogopa sana. Wa Eldoret, mita 2,100, anakaribia asilimia 77. Yeye aanze na nusu ya kile kilichoandikwa, akae hapo wiki mbili, na samaki wakionekana juu ya maji alfajiri, siku hiyo asitie chochote.