Anza na uzito, kabini itafuata

Mtu akitaka kujijengea boti ya familia nyumbani, karatasi ya kwanza huchora kabini: vitanda viwili, jiko, choo kidogo, na juu paa tambarare ambapo watoto watakaa kutazama pomboo. Mwili wa boti huja baadaye, umewekwa chini ya kabini kama msingi wa nyumba. Kazi imeshaharibika hapo, na msumeno haujagusa ubao.

Chukua boti inayoweza kujengwa uani: urefu mita 6.5, upana mita 2.4, ya plaiwudi iliyoshonwa kwa waya na kushikwa kwa epoksi (gundi inayochanganywa na kigandishi), mashine ya nje ya farasi 60. Ikishajazwa mafuta na vifaa, tuseme ina kilo 1,200 na kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu ya mkuku, uti wa chini kabisa wa boti. Wapandishe watu wanne wa kilo 70 juu ya paa, uzito wao ukae mita 2.4 kutoka mkukuni. Piga hesabu: kitovu kimepanda hadi sentimita 94. Upana wa boti, unaoizuia isipinduke, haukuongezeka hata unywele.

Halafu kuna upepo. Ubavu wa kabini wenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.8 ni mita za mraba 5.4. Kusi ikivuma noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa, inausukuma ubavu huo kwa nguvu ya karibu kilo 38. Utaiona siku ya kuegesha gatini: usukani unaelekeza huku, boti inakwenda kule.

Kwa hiyo kwa boti yenye urefu chini ya mita 8 mimi nasema kabini iwe ya kukaa, si ya kusimama. Sentimita 95 kutoka kiti hadi dari zinatosha mtu mzima kunywa chai bila kuinama. Anayetaka kusimama, afungue kifuniko cha paa asimame. Na paa lenyewe lipindwe kidogo, la plaiwudi ya milimita 6 juu ya mabanzi mepesi, ili mtu akilitazama ajue halikaliwi. Nunua ramani ya mbunifu anayejulikana, boti yake iwe imeshajengwa na watu wengi, kisha usiiongeze kimo hata sentimita 10. Fedha ya ramani ni ndogo kuliko bei ya mbao utakazokata vibaya bila ramani.

Tukija kwenye mbao, jihadhari na neno “marini”, yaani plaiwudi ya boti, dukani. Huku kwetu mabao meusi au ya kahawia yanayong'aa, yale ya kumwagia zege, huuzwa kwa jina hilohilo. Siyo. Ule utando wa juu haushiki epoksi, na ndani mara nyingi mna mapengo unayoyaona ukikata ukingo: tundu la kuingiza ncha ya penseli, na maji nayo yatapita humohumo. Bao moja la milimita 18 lina uzito wa kilo 35 hivi, ilhali plaiwudi halisi ya boti ya okume (mbao nyepesi), milimita 9, ina kama kilo 13. Tafuta alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti. Hata ukiiona, kata kipande cha kiganja, kichemshe kwa muda wa saa nne, kikaushe, kichemshe tena kwa saa nne, kisha jaribu kukibandua kwa patasi. Kikiachana kama vitumbua vilivyolowa, rudisha mzigo.

Kwa boti hii sakafu ya chini iwe milimita 12, mbavu (kuta za pembeni) milimita 9. Mabao ni ya mita 2.44, kwa hiyo lazima yaungwe kwa kuchongwa mshazari: mara nane ya unene, yaani milimita 72 kwa ubao wa milimita 9. Yapange manne kama ngazi, kila moja limerudi nyuma milimita 72, uyapige randa yote kwa mkupuo mmoja. Mistari ya tabaka za mbao ndiyo kipimo chako. Ikinyooka, mshazari umenyooka.

Kushona ni kazi ya siku mbili inayoleta furaha ya uongo. Toboa matundu ya milimita 3, sentimita 1 kutoka ukingoni, kila baada ya sentimita 10. Waya wa shaba uliovuliwa kwenye kebo ya umeme wa nyumba, ile ya milimita za mraba 1.5, unafaa kabisa. Kufikia jioni ya pili unaona boti. Usimwage epoksi bado. Pima kwa kamba kutoka ncha ya omo (mbele) hadi kila pembe ya tezi (nyuma), vipimo vilingane. Kisha weka pimamaji tezini na kwenye kiunzi cha kati. Mwili ukigandishwa ukiwa umejipinda, boti itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Fundi wa majahazi akija kusaidia, msikilize kwa mengi, ila mzuie kwa moja: pamba ya kalafati. Mbao za jahazi huvimba majini na kufunga mianya. Plaiwudi haivimbi hivyo. Pamba itatanua tu mshono. Hapa nguvu iko kwenye ngozi ya boti, si kwenye mataruma (viunzi vya ndani) na misumari.

Epoksi ndiyo inayowashinda wengi, na sababu ni joto. Changanya kwa uwiano ulioandikwa koponi, hata kama ni 2 kwa 1 au 5 kwa 1. Kuongeza kigandishi ili ikauke haraka huiacha laini daima. Kwa nyuzi 32 usichanganye zaidi ya mililita 300, na uimwage upesi kwenye sinia pana. Ikibaki kwenye kikombe itachemka na kutoa moshi. Kwa pembe za ndani, ongeza unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, ulainishe kwa mgongo wa kijiko, kisha funika kwa ukanda wa faiba. Ngozi ya nje paka kuanzia saa tisa alasiri, mbao zikianza kupoa. Ukipaka asubuhi, hewa iliyomo ndani ya mbao hupanuka kadiri jua linavyopanda na kukuachia vipovu vingi. Kesho yake, kabla ya msasa, osha kwa maji na sponji ya kusugulia: juu mna utelezi kama wa sabuni, na ukiupiga msasa unauzamisha, rangi haitashika. Andaa kati ya lita 45 na 60 kwa boti nzima. Na usishawishiwe na resini ya bei nafuu ya poliesta juu ya mbao. Baada ya muda hubanduka kama ngozi ya kuungua na jua.

Kuoza hakuletwi sana na bahari, chumvi ina namna yake ya kuhifadhi mbao. Kunaletwa na mvua ya masika inayopenya kwenye bolti za dirisha. Kila tundu la bolti ya milimita 6 litoboe kwanza kwa milimita 10, jaza epoksi nzito, likikauka litoboe tena kwa 6. Sasa maji yakipita yanakuta plastiki, si mbao. Kwa matundu mia moja ya kazi hii, tundu moja lililorukwa linatosha kuozesha paa.

Tangi la petroli likae nje ya kabini, penye hewa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kungoja cheche. Na boti ikienda huku kabini iko wazi nyuma tu, moshi wa mashine hurudi ndani. Acha dirisha la mbele wazi. Kabla ya kununua mashine, pima kimo cha tezi wima: sentimita 51 kwa shafti ndefu, 38 kwa fupi. Mashine ya shafti fupi iliyofungwa kwenye tezi ndefu hukoroga povu tu.

Usajili ni kwa wasimamizi wa vyombo vya majini: KMA Kenya, TASAC Tanzania Bara, ZMA Zanzibar. Nenda kwao na ramani mapema, na mwombe mkaguzi aione boti kabla hujafunika sakafu.

Na pima geti. Upana wa mita 2.4 juu ya trela, pamoja na kimo cha kabini hata hiyo fupi, na waya wa umeme unaoingia nyumbani umepita wapi? Kubomoa ukuta wa uani kuna gharama yake, na mwenye nyumba ana maoni yake.