Kifwebe hakikuchongwa kitundikwe ukutani

Ingia duka kubwa la vinyago, Arusha au Nairobi, na hutakosa kukiona: uso wa mti uliochimbwa mistari iliyofuatana, mdomo wa mraba uliochomoza mbele, macho yaliyofumba nusu. Muuzaji atakwambia ni kinyago cha Kongo, basi. Jina lake ni kifwebe, na wenyewe ni Wasongye na majirani zao Waluba, wa kusini-mashariki mwa Kongo, huko kwenye mito ya Lomami na Lualaba. Wakiwa wengi huitwa bifwebe. Vya dukani karibu vyote ni nakala, na fundi anayejipatia riziki kwa kuvichonga sina neno naye. Kinachoniuma ni namna tulivyozoezwa kukitazama: uso mtupu kwenye ukuta mweupe, na taa juu yake.

Kikague kifwebe halisi ukingoni. Utaona matundu madogo yamezunguka kote. Hapo ndipo vazi lilipofungwa: nguo ya nyuzi za rafia iliyofumwa ikambana mchezaji mwili mzima, na ndevu nene za nyuzi hizo hizo zikimshuka kifuani. Yote hayo, pamoja na ngoma, nyimbo na mwendo wa mchezaji, ndiyo kifwebe. Makumbusho mengi ya Ulaya yana nyuso nyingi na mavazi machache. Waliokusanya waliutaka mti, kwa sababu mti ulifanana na kile walichokwisha kukiita sanaa kwao. Rafia waliiona takataka.

Ukishauvua uso vazi lake, hata tofauti zilizo usoni hazikwambii kitu. Kifwebe dume kina kishungi kinachopanda kutoka puani hadi utosini, na urefu wa kishungi hicho ni kipimo cha nguvu zake. Rangi yake nyekundu ni damu na hatari. Kifwebe jike kishungi chake ni kifupi au hakuna kabisa, na weupe ndio uliokitawala, weupe wa mwezi na wa mambo mema. Jike hucheza kwa utulivu, usiku, mkubwa anapozikwa au chifu anapotawazwa. Dume hukimbia, hufanya vituko, hutisha watu.

Na kutisha huko kulikuwa kazi. Chama chenye bifwebe, bwadi, kilikuwa mkono wa watawala. Vijana waliingizwa humo wakafundishwa nyimbo na lugha ya siri, na dume akitoka watu walijua kuna agizo la kutekelezwa au mkosaji wa kuadhibiwa. Sipendi tunapoupamba urithi wetu kana kwamba kila kitu cha kale kilikuwa harusi na mavuno. Kifwebe kiliogopwa, na walioonewa kwa jina lake walikuwapo. Lakini kitu kilichowahi kutawala watu kinastahili kuelezwa kama utawala unavyoelezwa, si kuandikiwa kibao cha maneno matatu: kinyago, Songye, mti.

Waluba nao wana bifwebe vyao, vingi vya duara, mistari ikiuzunguka uso mzima, na mwezi mwandamo ulikuwa mojawapo ya nyakati zake za kutoka. Wataalamu wanabishana nani aliiga kwa nani. Mimi naona watu waliooana na kufanya biashara kwa vizazi hawakuhitaji hati ya nani mwenye mali.

Hati inatakiwa kwingine. Kinyago mashuhuri kuliko vyote vya Waluba, kile chenye pembe kubwa zilizojikunja, kiko kwenye makumbusho ya Afrika ya Tervuren, Ubelgiji. Kilichukuliwa mwaka 1896 na Oscar Michaux, ofisa wa jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo wakati huo, na kwa miaka mingi sura ya kinyago hicho ilikuwa nembo ya makumbusho yale. Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago kingine, Kakungu cha Wasuku wa kusini-magharibi mwa Kongo, akakikabidhi kwa Makumbusho ya Taifa. Kwa mkopo. Mkopo usio na mwisho, walisema, lakini aliyekopeshwa bado si mwenye mali. Nilifurahi kuona kimefika, na neno hilo likanikera hadi leo.

Vinyago vikirudi, virudi na umiliki wake, na safari isiishie Kinshasa. Kabinda, makao makuu ya jimbo la Lomami, iko mbali sana na jiji hilo, na mzee wa Kisongye hatapanda ndege kwenda kutazama uso wa babu yake ndani ya kioo. Lubumbashi kuna makumbusho, na Waluba wako hapo hapo mjini. Wanaovirudisha waanze na hapo. Na kabla ya kuamua kinyago kipi kiwekwe kwenye kabati na kipi kifungwe rafia mpya kikacheze, waulizwe wanaojua nyimbo zake, maana wengine bado wako hai.