Umechekesha Watu, Deni Umelipa?

Kila derbi ya Lubumbashi, mji wetu huku Kongo, inapokaribia, shabiki wa TP Mazembe hana kazi kubwa, anahesabu tu: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Vikombe vitano vya klabu bingwa Afrika. Halafu anamgeukia mwenzake wa Saint-Éloi Lupopo: "Na ninyi, muko na vikombe ngapi?" Anajibiwa: "Vyetu tunanywea chai." Meza nzima inaangua kicheko, na mwenye hesabu anabaki na vidole vyake vitano hewani.

Hesabu yenyewe haikuguswa. Lupopo bado haijalichukua kombe hilo hata mara moja. Kilichobadilika ni nani anachekwa. Hata hivyo, wanaotetea majibu ya namna hii nawaelewa. Timu zote mbili zilizaliwa 1939, na ubishi wa zaidi ya miaka themanini hauna mwamuzi wa kuumaliza. Usipoishia kwenye kicheko, utatafuta ngumi.

Tena jibu la mkato ni silaha ya asiye na cheo. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mama aliyevaa vizuri anainua makayabu, samaki wa chumvi, anakunja pua, anasema samaki ananuka. Anataka bei ishuke. Muuzaji hapandishi hata sauti: "Mama, kama inanuka, juu ya nini uko unaikamata tangu asubuhi?" Majirani wa meza wanacheka, mnunuzi mwenyewe anacheka, mkoba unafunguka. Na hapo hoja imo ndani ya mzaha: usichokitaka hukishiki muda wote huo. Majibu ya aina hii ni machache kuliko tunavyojidai.

Mengi ni kama lile la mwanachama wa likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, anayeulizwa mchango wa mwezi uliopita. Anamtazama mtunza fedha kuanzia juu hadi chini: "Na tumbo yote hii, bado uko na njaa ya faranga zangu?" Watu wanajishika mbavu. Mtunza fedha akirudia swali, anaambiwa hajui kucheka, analeta ubaya. Akinyamaza, mchango umekwenda. Ndiyo maana mcheshi wa ghafla namtilia shaka: mara nyingi kicheko kinamfaa yule asiyetaka swali lijibiwe. Wanaocheka nao wanashiriki, ingawa pesa ni zao pia.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu linalorukia asili ya mtu. Mjini kwetu hilo si jambo dogo. Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, waliokuwa huku kwetu Katanga waliitwa bilulu, wadudu, na wanasiasa waliosimama mbele ya watu; kuanzia 1992 wakafukuzwa kwa wingi, familia nzima zikingoja treni kwenye vituo na vitu vyao. Anayeshindwa hoja leo kuhusu kodi ya nyumba, akamrushia mwenzake kabila lake kisha akasema "nilikuwa natania tu", anatumia mzaha ambao kuna watu wazima hapa wanaukumbuka kwa macho yao.

Wazee hawakuacha utani uende ovyo. Mjukuu anamwita nkambo wake, mama wa mzazi wake, "bibi yangu", yaani mke wangu, anamcheka meno, naye nkambo anamrudishia makali zaidi. Maneno hayo hayo hathubutu kumwambia baba yake. Wote wawili wanajua mpaka kabla ya kufungua mdomo, na kila mmoja ana ruhusa ya kujibu. Kwenye kikundi cha WhatsApp, mjomba, mkwe na mtoto wa juzi wanasoma utani mmoja kwa pamoja, na mpaka huo haupo.

Kwa likelemba, mimi ningependekeza utaratibu mmoja: daftari lisomwe kwanza, kila mtu aweke pesa mezani, daftari lifungwe. Baada ya hapo, tumbo la mtunza fedha lichekwe hadi usiku.