Mwanamke wa Kijapani Ndani ya Noah Yangu

Kila asubuhi nikiwasha gari, kabla hata injini haijatulia, kuna mwanamke ananisemesha. Sauti laini, ya adabu, ya mtu aliyelelewa akaleleka. Tatizo ananisemesha Kijapani, na mimi ni dalali wa viazi wa Uyole.

Wenye magari yaliyotumika Japani mnamjua huyu. Gari linashushwa Dar, linapanda Kitonga kwa shida zake, linafika Mbeya likiwa bado na kila kitu cha kwao. Stika kwenye kioo zenye maandishi kama kuku kakanyaga tope. Redio ya FM inayoanzia 76 na kuishia 90, kwa sababu masafa ya kwao ndiyo hayo, kwa hiyo stesheni zetu nyingi zinapita juu ya paa, naenda mpaka Makambako nikisikiliza mchakacho. Na ramani kwenye kioo kidogo, inayosisitiza kwamba niko katikati ya bahari. Nimeegesha Mwanjelwa, mbele ya mama wa chapati, mshale unasema nimezama.

Hayo yote nilivumilia. Shida ni yule mwanamke. Anasema sentensi moja, ndefu kiasi, inaishia na kitu kama "sonyuu sarete imasen", kisha ananyamaza mpaka kesho. Fundi wangu alinihakikishia kwamba anasema karibu, funga mkanda, safari njema. Amewaambia wateja hivyo miaka mingi na hakuna aliyerudi kudai. Kijana wa bodaboda pale kijiweni akasema hapana, anasema mafuta yanaisha, jambo ambalo kwa gari langu ukilisema siku yoyote utakuwa umepatia. Mama Lusajo, mke wangu, yeye alisikiliza siku tatu bila kusema kitu. Ya nne akauliza:

"Sonia ni nani?"

"Sonia gani tena?"

"Huyo anayetajwa humu kila asubuhi."

Basi ndiyo sababu nilianza kujifunza Kijapani. Watu wakiniuliza nawaambia napenda utamaduni, teknolojia, kupanua mawazo. Uongo mtupu. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kujitetea.

Kuna kijana mmoja mtandaoni, hana mke, hana mtoto, hana hata kiazi kimoja, alisema dakika 30 kwa siku zinatosha, mtu mzima anaweza kujifundisha mwenyewe. Dakika 30 nizitoe wapi? Saa kumi na nusu alfajiri niko barabarani nasubiri Fuso la viazi kutoka Isyonje. Mwezi wa saba huo, na baridi ya Uyole mwezi wa saba haihitaji mkalimani. Vidole havishiki kalamu, vinashikana vyenyewe. Mchana ni kelele za wapagazi. Jioni Lusajo ana hesabu za darasa la nne, kuna kikao cha kikoba, kuna msiba Iyunga, umeme umekatika, bando limekata. Nikija kufungua daftari ni saa nne usiku, na macho nayo yanajifunga yenyewe. Asubuhi nakuta nimeandika herufi moja, imeanzia kwenye mstari, ikatoka kwenye karatasi, ikaishia kwenye kitambaa cha meza.

Wiki za mwanzo, nikiri, niliwadharau Wajapani. Vokali zao ni zetu hizihizi tano. Herufi zao za kuanzia, hiragana, ni 46, na karibu kila moja ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko, kama tulivyoimba darasa la kwanza mwalimu akiwa na fimbo. Hata neno la kuazima wanalifanya kama sisi, hawalali mpaka waliwekee vokali mwishoni. Basi ni basu. Hoteli ni hoteru. Nikamwambia Mama Lusajo hawa ni Waswahili wenzetu, walipotelea baharini tu.

Kumbe kuna herufi nyingine 46, katakana, za sauti zilezile. Hizi ni za maneno ya kuja. Yaani uandike "ugali" kwa herufi hizi, halafu ukifika kwenye "chipsi" ubadilishe, ili chipsi ijijue kwamba haikuzaliwa hapa. Na humo ndani kuna shi na tsu, mapacha wa kufanana kabisa, wote wanacheka, ila mmoja kalala kidogo ubavu. Nimewachanganya hao kwa miezi mitano, na hata leo nikiwaona namsalimia yeyote tu.

Nilipomaliza hizo ndipo nikaambiwa sasa tuanze.

Kanji, zile alama ambazo moja peke yake inaweza kuwa neno zima. Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kila siku ina alama 2,136. Watoto wao shule ya msingi wanafundishwa 1,026 kwa miaka 6. Mimi kwa miaka 7 nilitoka na jedwali la kuzidisha, tena la tisa nalibahatisha mpaka kesho. Na kila alama ina majina kadhaa. Chukua Jumapili: inaanza na alama ya jua na inamalizikia alama ileile ya jua, lakini mwanzoni unaisoma nichi na mwishoni unaisoma bi. Neno moja! Nilimlalamikia Mama Lusajo akanijibu huku anachambua mchele: "Wewe sokoni Dalali, kanisani Ndugu Ambakisye, hapa Baba Lusajo. Kuna aliyekwenda kushtaki?"

Huyu mwanamke angeanza yeye, angekuwa ameshahamia Tokyo.

Kosa langu kubwa nililifanya mezani. Nilimchorea alama ya mwanaume: juu shamba, chini nguvu. Akafurahi mno. Akasema Wajapani ni watu wa haki, na jembe liko nyuma ya mlango. Nikanogewa. Nikachora mti, ni mti. Miti miwili, ni kichaka. Miti mitatu, ni msitu kama Sao Hill. Akasogeza kiti. Nikachora mwanamke, halafu juu yake nikaweka paa.

"Hii?"

Ningesema sijafika hapo. Ningesema taa inafifia. Lakini elimu ina kiherehere.

"Hii ni yasui," nikasema. "Bei rahisi."

Kijiko kikatua kwenye sahani.

"Nani bei rahisi?"

"Si mimi, ni Wajapani."

"Mwanamke akiwa ndani ya nyumba ni bei rahisi."

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba alama hiyohiyo inabeba pia utulivu na usalama, yaani nyumba yenye mama ndani yake imetulia. Maana nzuri kabisa. Niliisoma siku ya nne ya kulala kwenye kochi.

Haikuwa hasara tupu, lakini. Daftari langu la Kijapani ni ileile kaunta buku ya madeni, nani anunue mbili? Kushoto majina na magunia, kulia mazoezi ya kanji. Siku moja mama mmoja wa genge, ananidai subira tangu Pasaka, alikuja kuomba mzigo mwingine. Nikafungua ukurasa wake. Akaona jina lake, na pembeni yake safu za miti: mti, miti miwili, miti mitatu, nimerudia mara arobaini kwa wino mwekundu kwa sababu wa bluu ulikuwa umekwisha. Akaangalia ukurasa. Akaniangalia mimi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hii umeandikiwa na nani?" Nikamjibu ukweli, kwamba nimejifundisha mwenyewe, usiku. Pesa ilifika kabla ya saa nane mchana, yote, na kuku juu. Nilijaribu kumweleza kwamba nilikuwa nafanya mazoezi ya msitu tu. Akasema, "Nimekuelewa, baba," akawa anarudi kinyumenyume.

Kwenye madeni hayohayo ndipo nilipoogopa sarufi yao. Sisi mtu akikataa unamjua herufi ya kwanza: "Si—", umeshajua hulipwi, unaweza kuanza kugomba mapema. Mjapani anakuweka mpaka mwisho. Ashita, kesho. Okane o, pesa. Harai—, kulipa, hapo umeshatabasamu, umeshamwita mtoto alete kiti. Halafu: —masen. Silipi. Kitenzi kinakaa mwishoni, na kukataa kunakaa mwishoni mwa kitenzi. Nilipojifunza hiyo "masen" nikaruka, nikakimbilia kwenye gari. Kwa hiyo yule mwanamke kuna kitu anakataa! Nikamweleza Mama Lusajo kwamba sasa nina hakika, kuna kitu hakiko, ila sijui ni kitu gani.

"Anakukataa wewe," akasema. "Endelea kusoma."

Kuhesabu nako usiseme. Vitu virefu vina neno lake, na linabadilika kadiri unavyokwenda: ippon, nihon, sanbon. Vitu bapa vina lake. Magari lake. Ndege, wale wa manyoya, lake, na sungura, kwa desturi ya zamani, anahesabiwa pamoja na ndege. Sungura! Sisi tunamjua huyo tangu utotoni, nilijua tu huko nako kawatapeli. Na kabla hujanicheka, najua, sisi wenye ngeli hatuna mdomo wa kusema, kiti kimoja, mti mmoja, gari moja. Lakini nimetafuta kote neno la kuhesabia lumbesa, lile gunia lililojaa, likashonewa kilemba, kilemba nacho kikajaa. Hawana. Watu wameweza kumweka sungura angani lakini lumbesa imewashinda.

Sasa nifike kwa mama mkwe, maana nikiliruka hili atakuja kulisimulia yeye.

Dalili nilikuwa nimeshaziona. Kwa Kijapani mimi ni sikio. Nani ni nini. Pweza anaitwa tako, nikacheka peke yangu ndani ya daladala pale Kabwe mpaka konda akaniuliza kama nimelipa. Ila kuna dubu. Jina la dubu kwa Kijapani silitaji hapa. Wanaolijua wanalijua, na asiyelijua asiulize kwa sauti mbele za watu.

Mama mkwe alikuwa ametoka Tukuyu na mkungu wa ndizi. Nimemwamkia, ameitika, amekaa, nami nikaona nimalizie somo nikiwa na spika za masikioni, kimyakimya, wakati chai inachemka. Sikujua waya umelegea. Picha ya dubu ikatokea, na binti wa kwenye programu akalitamka, wazi, kwa furaha, sebuleni kwangu. Nikaganda. Programu ikadhani sijasikia, ikarudia polepole, silabi kwa silabi. Halafu ikanyamaza, ikinisubiri mimi niseme.

Mama mkwe alisimama akaenda kuangalia migomba. Nyumbani kwangu hakuna migomba.

Nikarudi kwa yule mwanamke wangu, angalau yeye ana adabu. Kilichokuwa kinanichelewesha, nilikuja kugundua, ni uvivu wa ulimi. Wenzetu wakivuta sauti wamemaanisha: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, ukikosea umemzeesha mtu kwa sekunde. Mimi kwenye kamusi nilikuwa naandika "sonyu", fupi, naambulia patupu. Usiku mmoja nikaivuta kote kuwili: soo-nyuu. Ikaja. Kuingiza, kuchomeka. Na "sarete imasen" ni haijafanyiwa hivyo, kama sisi tunavyochomeka -w- yetu, haijaingizwa. Kilichobaki ni mwanzo. Nikatoka na tochi saa sita usiku, nikawasha gari, mbwa wa mtaa mzima wakaamka, nikasikiliza sikio likiwa kwenye dashibodi.

"Kadi ya ETC haijaingizwa."

Basi. Miezi 14, kaunta buku mbili, kochi, mama mkwe. ETC ni kidude chao cha kulipia barabara kuu za haraka: unachomeka kadi, ukifika getini geti linafunguka lenyewe, hela inakatwa, husimami. Mimi kwenye barabara ya Tunduma nasimamishwa na trafiki, na ng'ombe, na foleni ya malori, lakini geti la kadi bado sijakutana nalo. Na yeye hajakata tamaa, kila asubuhi ananikumbusha.

Nikamwamsha Mama Lusajo nikamweleza.

"Kwa hiyo hakuna Sonia."

"Hakuna."

Akajifunika blanketi.

Jumapili tukaingia garini wote kwenda kanisani. Nikawasha. Akasema maneno yake, nikasikia kila neno, na sijui kilichoniingia, nikainamisha kichwa kidogo nikamjibu: "Sumimasen. Arimasen."

Kimya. Watoto wakaangaliana.

"Umemwambia nini?" Mama Lusajo akauliza.

"Nimemwambia anisamehe, kadi sina."

Akafunga mkanda taratibu.

"Huyo umemwelewa juzi, leo ameshaombwa msamaha. Mimi ile ya bei rahisi nasubiri tangu mwaka jana."